Patisipo Tendwa na Njeo katika Sarufi ya Kiingereza: Historia ya Jina na ya Mzozo

1.0 Utangulizi

Katika sarufi ya Kiingereza ipo istilahi moja ambayo imewatatiza wasomaji, watafsiri na hata wanasarufi wenyewe kwa karne nyingi. Istilahi hiyo ndiyo inayoyataja maumbo kama "built", "written" na "taken" kuwa ni patisipo za wakati uliopita. Mwanafunzi anayeipokea istilahi hii bila kuihoji hutarajia kwamba kila anapokutana na umbo hilo ataukuta wakati uliopita. Lakini akisoma sentensi kama "The bridge built next year will be wider", anagundua kwamba daraja linalozungumziwa halijajengwa bado. Jina linasema jambo moja na sentensi inasema jingine.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya tatizo hilo. Hoja inayotetewa ni kwamba umbo hili la kitenzi cha Kiingereza halina njeo. Linalobeba ni kauli ya kutendwa pamoja na hali fulani ya tendo, na wakati wake huazimwa kutoka kwa kitenzi kikuu au kutoka kwa muktadha. Kwamba liliitwa la "wakati uliopita" ni urithi wa sarufi ya Kilatini. Urithi huo haukuwa wa jina tu. Katika karne ya 19 ulizaa mzozo mkali juu ya muundo "is being built", mzozo ambao leo unaweza kuonekana kama mchezo, ila kwa wahusika wake ulikuwa suala la nani mwenye haki ya kuamua lugha iwe vipi.

2.0 Asili ya Istilahi

Wanasarufi wa Kiyunani waliligundua kundi la maneno lisilokaa vizuri katika safu ya vitenzi wala ya nomino. Maneno hayo yalinyambulika kwa uhusika, jinsia na idadi kama nomino, huku yakihifadhi kauli na wakati kama vitenzi. Katika sarufi inayohusishwa na Dionysius Thrax, ambayo kwa kawaida huwekwa karibu na mwaka 100 kabla ya Kristo, kundi hilo lilipewa nafasi yake peke yake miongoni mwa aina nane za maneno. Jina lake la Kiyunani lilitokana na dhana ya kushiriki. Warumi walilitafsiri jina hilo kwa neno "participium", yaani kile kinachochukua sehemu. Ælfric, mtawa wa Uingereza aliyeandika sarufi ya Kilatini kwa Kiingereza Kale karibu na mwaka 1000, alilifasiri tena kwa maneno yenye maana ya "mchukua sehemu". Hivyo tangu mwanzo ilieleweka kwamba patisipo ni mshirika wa pande mbili.

Kilatini kilikuwa na mfumo wa patisipo wenye pengo ambalo ni muhimu kulifahamu. Katika kauli ya kutenda kilikuwa na patisipo ya wakati uliopo na ya wakati ujao. Katika kauli ya kutendwa kilikuwa na patisipo timilifu, kama "amatus", na umbo la wajibu, "amandus", ambalo wanasarufi wengi walilihesabu kuwa la wakati ujao. Hakikuwa na patisipo tendwa ya wakati uliopo. Kwa msomaji wa Kilatini, basi, patisipo tendwa ya kawaida ilihusiana na tendo lililokwisha kabla ya tendo la kitenzi kikuu. Ilikuwa sahihi kuiita timilifu, na haikuwa kosa kubwa kuihusisha na wakati uliopita. Tatizo lilizuka pale jina hilo lilipohamishwa na kuvishwa umbo la lugha nyingine.

3.0 Patisipo katika Kiingereza Kale na cha Kati

Kiingereza Kale kilikuwa na njia mbili za kuunda kauli ya kutendwa. Patisipo iliweza kuambatana na kitenzi "beon" au "wesan", chenye maana ya kuwa, au na kitenzi "weorðan", chenye maana ya kugeuka kuwa. Ingawa waandishi hawakuzitenganisha njia hizo daima kwa ukali, mwelekeo ulikuwapo: cha kwanza kilielekea kwenye hali iliyopo na cha pili kwenye tendo linalotukia. Patisipo yenyewe mara nyingi ilianza kwa kiambishi "ge-" na iliweza kukubaliana na kiima kama kivumishi kikubalianavyo na nomino. Ushirika wake wa pande mbili ulikuwa ukionekana kwa macho.

Katika kipindi cha Kiingereza cha Kati viambishi hivyo vya upatanisho vilipotea, na "weorðan" kikatoweka. Kitenzi cha kuwa kikabaki peke yake na kulazimika kubeba mizigo miwili. Ndiyo maana sentensi "The door was closed" ina utata hadi leo: huenda mlango ulikuwa katika hali ya kufungwa tangu asubuhi, na huenda kuna mtu aliyeinuka akaufunga. Msemaji wa Kiswahili huulizwa na lugha yake mwenyewe achague. Atasema mlango ulikuwa umefungwa, au ulifungwa. Na panapohusika kuvunjika kwa kitu atatofautisha pia kati ya kilichovunjika na kilichovunjwa. Kiingereza kiliipoteza sehemu ya uwezo huo kilipokipoteza kitenzi kimoja.

Kupotea huko kuliacha pengo jingine. Namna gani msemaji angeeleza kwamba nyumba ingali mikononi mwa mafundi? "The house is built" ilielekea kumaanisha kwamba nyumba imekwisha. Wasemaji walipata ufumbuzi katika umbo la "-ing": nyumba ilikuwa "in building" au "a-building", yaani katika kujengwa. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 inatumia muundo huu inapolizungumzia hekalu katika sura ya 2 ya Injili ya Yohana. Kihusishi kikamomonyoka, ikabaki "the house is building". Kwa sura yake ni kauli ya kutenda, kwa maana yake ni ya kutendwa. Katika karne ya 18 huu ndio uliokuwa muundo wa kawaida wa watu waliosoma. Jane Austen anautumia katika Northanger Abbey, riwaya iliyotolewa mwishoni mwa 1817, pale masanduku ya wasafiri yanapokuwa yakiteremshwa.

4.0 Sarufi kwa Kipimo cha Kilatini

Sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyochapishwa ilikuwa ya William Bullokar, mwaka 1586. Yeye na wengi waliomfuata walikuwa wamefunzwa sarufi ya Kilatini, na ilikuwa jambo la kawaida kwao kuitafuta katika Kiingereza kila safu waliyoizoea. John Wallis, mwanahisabati aliyeandika sarufi yake kwa Kilatini mwaka 1653, alilalamikia desturi hiyo. Alishikilia kwamba kitenzi cha Kiingereza kina njeo mbili tu, iliyopo na iliyopita, na kwamba nyakati nyingine zote huelezwa kwa vitenzi visaidizi. Wazo hilo lilikuwa sahihi, lakini halikushinda.

Mwaka 1751 James Harris alichapisha Hermes, kazi ya falsafa ya sarufi. Humo alijaribu kutofautisha swali la wakati wa tendo na swali la hatua ya tendo: linaanza, linaendelea au limekwisha. Lau tofauti hiyo ingeingia madarasani, jina la patisipo tendwa huenda lingebadilika mapema. Lakini madarasa yalitawaliwa na vitabu vya aina nyingine. Robert Lowth alitoa sarufi yake mwaka 1762, na Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia Uingereza, akatoa yake mwaka 1795. Kitabu cha Murray kilichapishwa mara nyingi mno katika pande zote mbili za Atlantiki. Murray alipanga kitenzi cha Kiingereza katika nyakati sita, kwa kauli ya kutenda na ya kutendwa, na akaiita patisipo ya aina ya "loved" timilifu au tendwa. Katika jedwali lake la kauli ya kutendwa hapakuwa na nafasi ya tendo linaloendelea. Kwa kuwa jedwali la Kilatini halikuwa na safu hiyo, hakuna aliyeona kwamba inakosekana.

Samuel Johnson aliliona pengo hilo kwa namna yake. Katika sarufi iliyotangulia Kamusi yake ya mwaka 1755, alitaja mtindo wa kusema kwamba kitabu "is printing" na akauhukumu kuwa ni upotovu, akidhani kwamba umetokana na usemi safi zaidi uliokuwa na kihusishi "a". Ni vyema hukumu hii ikumbukwe, kwa sababu kizazi cha wajukuu wa Johnson kiliutetea mtindo uleule alioulaani, kikauita hazina ya Kiingereza halisi.

5.0 Mzozo wa "Is Being Built"

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 18 muundo mpya ulianza kuonekana. Barua ya mwaka 1772 iliyomo katika mkusanyiko wa barua za Earl wa kwanza wa Malmesbury ina mfano mmoja wa mapema, unaohusu mjadala katika Bunge. Earl huyo alikuwa mwana wa James Harris aliyeandika Hermes. Mfano uliopata umaarufu zaidi umo katika barua ya Robert Southey ya Oktoba 1795, anapochekesha kuhusu mtu anayeng'olewa jino na kinyozi. Southey alikuwa na umri wa miaka 21. Miaka miwili baadaye rafiki yake Samuel Taylor Coleridge aliutumia muundo huohuo katika kumbukumbu za utoto wake, akieleza jinsi mkono wake ulivyokuwa ukifungwa dawa.

Kwa mhakiki wa fasihi, jambo hili lina uzito wa pekee. Lynda Pratt na David Denison, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000, walionyesha kwamba muundo huu ulipata nguvu ndani ya kikundi cha vijana waliofahamiana, walioandikiana barua na walioshiriki msimamo wa kuyapinga mamlaka ya kisiasa na ya kifasihi ya siku zao. Barua za kirafiki ndizo zilizoubeba. Kizazi kilichodai kwamba ushairi uikaribie lugha ya watu kilikuwa pia kikiipanua sarufi bila kutangaza.

Upinzani ulikuja muundo ulipoanza kuenea magazetini na vitabuni. Goold Brown, katika sarufi yake kubwa ya mwaka 1851 iliyotolewa Marekani, aliukataa. George Perkins Marsh aliukataa vilevile katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1860. Mpinzani aliyesikika zaidi ni Richard Grant White, aliyeutengea sura nzima katika Words and Their Uses ya mwaka 1870.

Hoja za wapinzani zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilihusu kitenzi cha kuwa. White alidai kwamba "is being" ni sawa na kusema "iko ikiwa", yaani kukirudia kitenzi kimoja mara mbili bila kuongeza maana. Hoja hii ilisahau kwamba kitenzi kisaidizi hakibaki na maana yake ya kikamusi. Anayesema "I am going to stay" haendi popote, na hakuna anayemshutumu kwa kujipinga.

Hoja ya pili ndiyo inayogusa kiini cha makala haya. Wapinzani walisema kwamba "built" ni patisipo timilifu, inayoonyesha tendo lililokwisha. Kwa hiyo "is being built" ingelazimika kumaanisha kwamba tendo lililokwisha linaendelea, jambo lisilowezekana. Mantiki ya hoja hii haina kasoro endapo msingi wake utakubaliwa. Kasoro imo katika msingi wenyewe. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba "built" daima huonyesha ukamilifu. Jina lake tu ndilo lililosema hivyo. Wanasarufi walikuwa wamelipa umbo jina, kisha wakalitumia jina hilo kama ushahidi dhidi ya wasemaji.

Jibu lilitolewa na Fitzedward Hall, mzaliwa wa Troy katika jimbo la New York, mtaalamu wa Kisanskrit aliyewahi kufundisha King's College, London. Katika maandiko yake ya mwaka 1872 na 1873 Hall alikusanya mifano mingi kutoka kwa waandishi walioheshimika, akaonyesha kwamba muundo uliodaiwa kuwa uzushi wa magazeti ulikuwa umetumika kwa miongo kadhaa na watu ambao White mwenyewe asingethubutu kuwaita wajinga. Mbinu yake ilikuwa rahisi: aliwaachia waandishi waliotumia lugha kutoa ushahidi, badala ya kuwahukumu kwa majedwali. Hall baadaye alitoa mchango mkubwa katika kamusi kuu ya Kiingereza iliyotayarishwa Oxford, ambayo msingi wake ulikuwa mbinu hiyohiyo.

Wasemaji hawakungoja mzozo uishe. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 "is being built" ilikuwa imeshinda, na "the house is building" ikarudi nyuma hadi ikabaki katika vipande vichache kama vile filamu inaposemwa kuwa "is showing". Leo anayeisoma riwaya ya Austen bila kuijua historia hii anaweza kudhani kwamba masanduku ndiyo yaliyokuwa yakibeba kitu.

6.0 Njeo na Wakati

Ushindi wa muundo mpya haukulifuta jina la zamani. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, katika The Philosophy of Grammar ya mwaka 1924 alisisitiza kwamba wakati, ambao ni jambo la ulimwengu, na njeo, ambayo ni umbo la kitenzi, visichanganywe. Alipendekeza pia patisipo ya Kiingereza iitwe ya pili badala ya kuitwa ya wakati uliopita. Mwaka 1947 Hans Reichenbach, mwanafalsafa, alieleza njeo kwa nukta tatu: nukta ya kusema, nukta ya tukio na nukta ya marejeo. Bernard Comrie, katika vitabu vyake vya mwaka 1976 na 1985, alifafanua tofauti ya hali na njeo, kisha tofauti ya njeo inayopimwa kutoka kwenye wakati wa kusema na ile inayopimwa kutoka kwenye tukio jingine. Sarufi kubwa ya Quirk na wenzake ya mwaka 1985 ilikwepa jina la kale kwa kuitaja patisipo kwa kiambishi chake "-ed". Huddleston na Pullum, mwaka 2002, walilihifadhi jina lakini wakalihesabu umbo lenyewe miongoni mwa yasiyo na njeo.

Kutokana na kazi hizi, virai vya patisipo tendwa vinaweza kupangwa katika aina tatu. Kirai chenye "built" peke yake hakitaji wakati. Kinasema tu kwamba kiima chake ni mtendwa. Kirai chenye "being built" kinaonyesha tendo linaloendelea sambamba na tukio linalotajwa. Kirai chenye "having been built" kinaonyesha tendo lililotangulia tukio hilo. Aina mbili za mwisho zina uhusiano wa wakati ulio wazi. Ya kwanza ndiyo inayotumika zaidi, na ndiyo inayomwachia msomaji kazi.

7.0 Ushuhuda wa Kiswahili

Kazi hiyo huonekana vizuri zaidi kirai kinapotafsiriwa kwa Kiswahili. Kiswahili hakina patisipo tendwa. Kina kiambishi cha kutendwa, na kina vishazi vya urejeshi ambavyo kwa kawaida hudai kiambishi cha wakati. "The house built by the mason" haiwezi kuingia katika Kiswahili bila mtafsiri kuamua kama ni nyumba iliyojengwa, inayojengwa au itakayojengwa. Ipo pia "nyumba ijengwayo", urejeshi ambao E. O. Ashton aliueleza katika sarufi yake ya mwaka 1944 kuwa hauna njeo. Lakini umbo hilo huelekea kwenye jambo la desturi au la jumla, na haliwezi kutumika kila mahali.

Uchukuliwe mfano wa historia ya Mombasa. Sentensi "Besieged from 1696, Fort Jesus fell in 1698" inaeleweka kwa Kiingereza bila shida. Mtafsiri akiandika "Baada ya kuzingirwa tangu 1696, Ngome ya Yesu ilianguka 1698", amedokeza kwamba mazingiwa yalikwisha kwanza, kisha ngome ikaanguka. Akiandika "Ikiwa imezingirwa tangu 1696", ameonyesha kwamba ngome ilianguka ingali katika mazingiwa, na hivi ndivyo ilivyotokea Waomani walipoiteka mwezi wa Desemba. Patisipo ya Kiingereza haikuamua. Aliyeamua ni msomaji aliyeijua historia.

Katika sheria uamuzi wa namna hii huweza kumgusa mtu maishani mwake. Kanuni inayoanza kwa "Any person convicted of this offence" haiwahusu tu waliokwisha kupatikana na hatia siku kanuni ilipoandikwa. Mtafsiri aliyefundishwa kwamba "convicted" ni wakati uliopita ataandika "mtu yeyote aliyepatikana na hatia", na msomaji anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kama kanuni inatazama nyuma. "Atakayepatikana" huifanya itazame mbele, na "apatikanaye" huifanya iwe ya daima. Hakuna kati ya maumbo haya lililomo katika neno la Kiingereza. Lote limo katika ufahamu wa kusudi la sheria.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha jinsi jina lililofaa katika lugha moja lilivyohamishiwa katika lugha nyingine na kugeuka kuwa hukumu. Patisipo timilifu ya Kilatini ilistahili jina lake. Patisipo tendwa ya Kiingereza ililipokea jina hilo kwa heshima ya Kilatini, na wanasarufi wa karne ya 19 wakajaribu kuwazuia wasemaji wasijaze pengo ambalo lugha yao ilikuwa nalo tangu "weorðan" ilipopotea. Johnson aliulaani muundo mmoja kwa ajili ya usafi wa lugha. White akautetea muundo huohuo dhidi ya mrithi wake, naye pia kwa jina la usafi.

Kwa wanaofundisha na kuhakiki fasihi ya Kiingereza mahali ambapo Kiswahili pia ni lugha ya taaluma, fundisho lililopo ni la kiutendaji. Mwanafunzi anapokutana na kirai cha patisipo tendwa, asiulizwe kwanza kiko katika wakati gani. Aulizwe ni nani anayetendwa, tendo limefikia hatua gani, na linasimama wapi kwa kulinganishwa na kitenzi kikuu. Akishindwa kujibu kwa Kiingereza, na akitafsiri kwa Kiswahili: lugha yake itamdai kiambishi cha wakati, na katika kukitafuta atalazimika kuisoma sentensi yote.